Kizuri Chajiuza? Maoni Kuhusu Ukweli wa Matangazo ya Biashara

Waswahili wana methali isemayo, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Wafanyabiashara wa leo nao wana msemo wao: "Biashara ni matangazo." Ukiyachukua maneno haya kama yalivyo, yanapingana. Kama kizuri chajiuza, basi kila bango la barabarani, kila tangazo la redio na kila ujumbe wa ofa unaoingia kwenye simu ni ushahidi kwamba bidhaa hiyo ni mbaya. Na kama biashara ni matangazo tu, basi ubora wa bidhaa si kitu, mradi anayetangaza ana sauti kubwa.

Katika makala haya natetea msimamo wa tatu. Matangazo ni ya lazima katika soko la leo, lakini kutangaza si ruhusa ya kusema lolote. Tangazo la kweli ni lile ambalo mnunuzi akiliamini kama lilivyo na kwenda nalo dukani, atakuta kile alichoambiwa. Aidha, naona kwamba mtahiniwa wa kidato cha nne ana sababu ya kulitazama suala hili kwa uzito kuliko watu wengi, kwa kuwa miezi michache ijayo atakuwa mteja anayewindwa.

Kwa nini kizuri hakijiuzi tena

Methali ile inafaa soko dogo. Katika mtaa ambao kila mtu anamfahamu mama anayepika maandazi, hakuna haja ya bango. Aliyekula jana atamwambia jirani, na akilala njaa kwa kukosa wateja, ujue maandazi yake yana kasoro. Mnunuzi na muuzaji wanaonana kila siku. Muuzaji akidanganya leo, kesho atakutana na mtu yuleyule kisimani au msikitini au kanisani.

Soko la leo si hilo. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, hamfahamu mpishi wa hoteli ya Dar es Salaam atakayevikaanga. Mkulima wa mpunga wa Kyela hajui nani atakula wali wake mjini Dodoma. Fundi wa simu aliyefungua kibanda wiki iliyopita ana ujuzi mzuri, lakini kama hakuandika hata kwenye boksi kwamba anatengeneza simu, watu watapita tu. Hapo tangazo linafanya kazi ya heshima: linampa habari asiye nayo. Linamwambia bidhaa ni ipi, iko wapi, inauzwa bei gani na inapatikana lini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema matangazo yote ni utapeli. Anayeficha bidhaa nzuri hamsaidii mnunuzi. Tatizo linaanza pale tangazo linapoacha kutoa habari na kuanza kupanda imani isiyo na msingi kichwani mwa mnunuzi.

Mubalagha na uongo

Katika fasihi umejifunza tamathali iitwayo mubalagha, yaani kutia chumvi ili kukazia jambo. Mshairi akisema amelia hadi machozi yakajaza bahari, hakuna anayekwenda kupima kina cha bahari. Msomaji anajua, mwandishi anajua kwamba msomaji anajua, na hakuna aliyedanganywa.

Matangazo nayo hutumia mubalagha. Kinyozi akiandika "Ingia mzee, utoke kijana," hakuna mzee atakayedai kurudishiwa miaka yake. Kondakta akiliita basi lake "ndege ya chini," abiria hategemei kuruka. Hiyo ni chumvi, na chumvi ina nafasi yake.

Sasa msikilize mpiga debe wa stendi. Anasema, "Gari linaondoka sasa hivi, siti moja tu imebaki!" Unaingia, unakuta abiria wanne, na gari linaondoka baada ya saa mbili. Hapa hakuna mubalagha. Amesema jambo linalohusu muda na idadi, mambo mawili ambayo yangeweza kuthibitishwa, na wewe umelipa nauli kwa sababu uliyaamini. Huo ni uongo.

Tofauti kati ya mambo haya mawili iliwahi kuamuliwa mahakamani nchini Uingereza, katika kesi ambayo wanafunzi wa sheria na biashara wanaisoma mpaka leo. Mwaka 1891, wakati homa ya mafua ilipokuwa inaua watu wengi, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilikuwa inauza mpira mdogo wenye dawa ya unga ambayo mtu aliivuta puani. Bei yake ilikuwa shilingi 10 za Kiingereza. Kampuni ilitangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 mtu yeyote atakayeugua mafua baada ya kutumia mpira huo mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kwa kufuata maelekezo. Ili watu waamini, ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuthibitisha kuwa haifanyi mzaha.

Bibi Carlill aliununua, akautumia kama alivyoelekezwa tangu Novemba 1891, na Januari 1892 akaugua mafua. Alipodai pauni 100, kampuni ilikataa. Mawakili wake walidai kwamba tangazo lilikuwa majigambo ya kibiashara tu, yaani chumvi ya kawaida ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeichukulia kama ahadi. Mwezi Desemba 1892 Mahakama ya Rufani iliikataa hoja hiyo. Majaji waliangalia jinsi msomaji wa kawaida angelielewa tangazo lile. Waliona kwamba aliyeweka fedha benki ili aaminiwe hawezi kugeuka baadaye na kusema hakutarajia kuaminiwa. Bibi Carlill akalipwa.

Kutokana na kesi hiyo tunapata kipimo rahisi. Usiulize kama tangazo limetia chumvi. Uliza kama msomaji wa kawaida angelichukua dai lile kuwa ni kweli, akatoa fedha zake kwa sababu hiyo. Kama jibu ni ndiyo, basi mtangazaji anawajibika kwa kila neno.

Ukweli unaodanganya

Wapo watangazaji wajanja zaidi ya mpiga debe. Hawa hawasemi uongo hata kidogo. Wanasema ukweli, lakini wanauchagua na kuupanga ili msikilizaji afike mwenyewe kwenye hitimisho la uongo.

Mfano wa kihistoria ni sigara. Mwaka 1946, kampuni ya R.J. Reynolds ya Marekani ilianza kampeni ya sigara za Camel iliyodai kuwa madaktari wanaovuta Camel ni wengi kuliko wanaovuta sigara nyingine yoyote. Tukubali kwa muda kwamba hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Mvutaji hakuwa na haja ya kujua daktari anapenda sigara gani. Alitaka kujua kama sigara ina madhara. Tangazo lilimwonyesha daktari mwenye koti jeupe, likamwacha ajijibu mwenyewe: kama daktari anavuta, basi ni salama. Mwaka 1964 ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ilieleza wazi uhusiano kati ya uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Ilipofika Januari 1971, matangazo ya sigara yalikuwa yameondolewa katika redio na runinga za nchi hiyo.

Mbinu hiyo haikufa na mabango ya Camel. Hapa kwetu utaikuta katika sura nyingi. Ya kwanza ni sentensi inayosomwa kwa kasi mwishoni mwa tangazo la redio: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Zawadi imetajwa polepole kwa dakika nzima, lakini masharti yanayoweza kukunyima zawadi hiyo yametajwa kwa maneno manne. Ya pili ni neno "kuanzia." Bango linasema simu zinauzwa "kuanzia shilingi 60,000," na juu yake kuna picha ya simu ya shilingi 600,000. Ya tatu ni msanii au mchezaji maarufu anayesifia sabuni. Analipwa kuisifia, na hakuna anayejua kama nyumbani kwake anaitumia.

Sura ya nne inawagusa walimu, nami nitaisema bila kumung'unya maneno: ni matangazo ya ufaulu wa vituo na shule. Tuseme kituo kimoja kinatangaza, "Asilimia 90 ya watahiniwa wetu wamefaulu." Ukichunguza unakuta watahiniwa walikuwa 40 na waliofaulu ni 36. Hesabu ni sahihi. Lakini kati ya hao 36, tuseme mmoja ana divisheni ya pili, watano wana ya tatu na 30 waliobaki wana ya nne. Tena, tuseme mwanzoni mwa mwaka kituo kiliandikisha wanafunzi 70, na 30 wakaondoka au wakaondolewa kabla ya mtihani. Ukigawanya 36 kwa 70, unapata asilimia 51 na ushei. Mzazi aliyeuza mahindi ili alipe ada ya kituo hicho aliambiwa ukweli, na bado amedanganywa.

Ndiyo maana nasema ukweli wa tangazo haupimwi kwa neno mojamoja. Unapimwa kwa picha nzima inayobaki kichwani mwa anayelisikia.

Hoja za upande wa pili

Nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu, tulikuwa na kawaida ya kufanya mijadala jioni na wenzetu wa masomo ya biashara. Mmoja wao alikuwa na hoja ambayo mpaka leo naiheshimu, ingawa siikubali. Alisema kazi ya tangazo ni kuuza, na kazi ya kupima ukweli ni ya mnunuzi. Kila mtu anajua tangazo ni tangazo, kwa hiyo anayedanganyika amejitakia. Muuzaji akianza kutaja kasoro za bidhaa yake, jirani asiyezitaja atamfilisi.

Hoja hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inasema mnunuzi anaweza kujilinda mwenyewe. Ni kweli kwa baadhi ya bidhaa. Nyanya unaiona na kuibonyeza. Shati unalivaa na kulivua. Lakini dawa huwezi kuipima kwa macho, wala krimu ya uso, wala chuo ambacho utajua thamani ya cheti chake baada ya miaka mitatu. Katika bidhaa za namna hiyo, muuzaji anajua mengi na mnunuzi hajui lolote. Kumwambia mnunuzi ajilinde hapo ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia, kisha kumlaumu kwa kutoona rangi yake. Ukidanganywa na mpiga debe unapoteza saa mbili. Ukidanganywa na muuza mkorogo wenye zebaki unaweza kupoteza figo.

Sehemu ya pili inasema ukweli hauuzi. Historia ya matangazo yenyewe inaipinga. Mwaka 1962, kampuni ya kukodisha magari ya Avis ya Marekani ilikuwa nyuma ya mshindani wake Hertz. Badala ya kujiita namba moja kama ilivyo desturi, ilitangaza waziwazi kwamba ni ya pili, na kwa sababu hiyo inajitahidi zaidi. Tangazo hilo lililokiri udhaifu likawa miongoni mwa matangazo yaliyofanikiwa zaidi katika historia ya biashara, na kampuni ikaendelea kutumia kaulimbiu yake kwa miongo mingi.

Huhitaji kwenda Marekani kuliona jambo hili. Nenda sokoni. Kuna muuza nyanya anayechanganya zilizooza chini ya fungu na kuweka nzuri juu. Kuna mwingine anayesema, "Mwanangu, hizi ni za leo, zile ni za jana, chukua nusu bei." Wa kwanza anauza mara moja kwa kila mteja. Wa pili ana wateja wa miaka. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama mwanzoni anatembea haraka.

Sheria ipo, lakini haitoshi

Tanzania haijawaacha wanunuzi bila ulinzi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma, na Tume ya Ushindani, maarufu kama FCC, ina jukumu la kuisimamia. Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, husimamia viwango vya bidhaa, na tangu 2019 linasimamia pia usalama wa chakula na vipodozi. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Michezo ya kubahatisha ina bodi yake, na sheria hairuhusu mtu mwenye umri chini ya miaka 18 kushiriki. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zinakopesha watu mtandaoni bila leseni.

Taasisi hizo zinafanya kazi, lakini tazama jinsi tangazo linavyosafiri siku hizi. Bango la barabarani linaonekana na kila mtu, akiwemo mkaguzi. Ujumbe wa WhatsApp unaingia kwenye simu yako peke yako, usiku, ukitokea kwa mtu usiyemjua. Leo akaunti inafungwa, kesho inafunguliwa nyingine. Mkaguzi hawezi kukaa ndani ya kila simu. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni elimu ya mwenye simu.

Na elimu hiyo wewe unayo. Ukisikia tangazo la dawa moja inayotibu kisukari, malaria, vidonda vya tumbo na ugumba, kumbuka Baiolojia. Malaria husababishwa na vimelea vinavyoenezwa na mbu. Kisukari kinahusu homoni ya insulini na kiwango cha sukari katika damu. Magonjwa yenye vyanzo tofauti namna hiyo hayawezi kuponywa na chupa moja. Somo ulilokariri kwa ajili ya mtihani limekuepusha na utapeli.

Matangazo yatakayokufuata wewe

Ndugu mtahiniwa, mtihani wako hufanyika Novemba, na kwa kawaida matokeo hutoka mapema mwaka unaofuata. Kabla, katikati na baada ya kipindi hicho, watu wengi watataka fedha zako au za mzazi wako. Nitayataja matangazo manne ambayo karibu kila kijana wa umri wako atakutana nayo.

La kwanza ni la "mtihani umevuja." Mtu anajitangaza kwenye kundi la mtandaoni kwamba ana karatasi ya Hisabati, na anataka utume fedha kwanza. Jiulize: mtu mwenye karatasi halisi, anayejua kwamba akikamatwa atashtakiwa, angejitangaza kwa maelfu ya watu asiowafahamu? Mara nyingi anauza karatasi aliyoitunga mwenyewe. Na kama ingekuwa halisi, unachonunua ni kufutiwa matokeo.

La pili ni la vyuo. Likisema "nafasi zimebaki chache, ajira uhakika," mkumbuke mpiga debe na siti yake moja. Hakuna chuo kinachoweza kukuhakikishia ajira ambayo haitolewi na chuo hicho. Angalia kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, kisha angalia kama kozi unayoitaka imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa na usajili lakini kozi moja ikawa haina. Soma sifa za kujiunga katika mwongozo wa udahili unaotolewa na baraza hilo. Chuo kinachokuambia unaweza kusomea utabibu bila ufaulu wa Kemia na Baiolojia kinataka ada yako tu.

La tatu ni la kubeti. Tangazo linamwonyesha kijana mwenye hundi kubwa ya bandia, akicheka. Fanya hesabu ndogo. Tuseme watu 1,000 wameweka mkeka wa shilingi 2,000 kila mmoja. Zimepatikana shilingi 2,000,000. Tuseme kampuni imegawa 1,500,000 kwa washindi na kubaki na 500,000 kwa ajili ya kodi, mishahara, faida na hilo tangazo lenyewe. Wachezaji wote kwa pamoja wamepoteza shilingi 500,000, na haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu kampuni isiyobaki na kitu itafunga milango. Aliyeshinda yupo kweli. Lakini mamia walioshindwa hawakupigwa picha.

La nne ni la mikopo ya haraka, ile ambayo mitaani inaitwa kausha damu. "Pata shilingi 50,000 ndani ya dakika tano, bila dhamana." Tuseme unakatwa ada na kupokea 35,000, kisha unatakiwa kurudisha 50,000 baada ya siku saba. Umelipa shilingi 15,000 juu ya 35,000 ulizopokea, yaani karibu asilimia 43 kwa wiki moja. Tangazo lilitaja dakika tano. Halikutaja siku saba.

Katika yote manne, maswali ya kujiuliza ni yaleyale. Nani anasema, na ananufaikaje nikimwamini? Anadai nini hasa, na dai hilo linaweza kuthibitishwa wapi? Ni jambo gani ambalo ningependa kulijua lakini halikutajwa? Kwa nini ananiharakisha? Tangazo likishindwa kujibu maswali haya, funga simu ulale. Ofa ya kweli itakuwepo asubuhi.

Wewe pia ni mtangazaji

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba wewe ni mnunuzi tu. Lakini katika mtihani wa Kiswahili unaweza kuagizwa kuandika tangazo, na katika maisha utaandika mengi zaidi. Barua ya kuomba kazi ni tangazo la nafsi yako. Wasifu wako ni bango lako. Siku utakapofungua duka la vifaa vya umeme, saluni au genge, wewe ndiye utakayeamua kama ubao wa nje utasema kweli.

Utaambiwa, "Andika unajua kompyuta, hakuna atakayekuuliza." Siku ya kwanza kazini utawekewa kompyuta mbele na kuambiwa uandae orodha ya mishahara. Kosa lako litakuwa lilelile la kampuni ya mipira ya dawa mwaka 1891: kutoa dai ili uaminiwe, kisha kushangaa umeaminiwa. Afadhali uandike, "Ninaweza kuchapa na kutuma barua pepe, na niko tayari kujifunza mengine." Mwajiri anayehitaji mtu wa kuchapa atakuita, na utakachofanya kitafanana na ulichoandika.

Basi nairudia methali tuliyoanza nayo. Kizuri siku hizi hakijiuzi peke yake; kinahitaji mtu wa kukisemea, na si dhambi kukisemea kwa lugha tamu. Lakini anayekisemea asiseme zaidi ya kile kitakachoonekana mfuko ukifunguliwa. Nawe unayenunua, ufungue mfuko kabla ya kutoa fedha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia mifano miwili kutoka katika makala, eleza tofauti kati ya mubalagha na uongo katika matangazo.
2. Kwa nini mahakama haikukubali utetezi wa kampuni iliyoshtakiwa na Bibi Carlill?
3. "Tangazo linaweza kusema ukweli mtupu na bado likadanganya." Jadili kauli hii kwa hoja tatu.
4. Tafuta tangazo moja katika mtaa wako. Lifupishe kwa maneno yasiyozidi 40, kisha taja jambo moja muhimu ambalo halikutajwa.
5. Andika tangazo la kweli la biashara ndogo unayotarajia kuianzisha. Zingatia jina la bidhaa, mahali inapopatikana, bei na muda wa huduma.